Marejeo ni Ngamani: Kurudi Nyuma si Kushindwa

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," walisema wahenga wetu, wala hawakukosea. Mimi ni mtu wa kalamu na karatasi, nami sikudhani ipo siku nitaitumia methali hii kwa ajili ya programu ya kompyuta. Lakini yaliyotufika mimi na jirani zangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, ndiyo yaliyonikalisha kuandika haya, kwani naona si ya mtaa mmoja pekee.

Kisa chenyewe ni hiki. Alifariki bibi mmoja mtaani Kibokoni, naye aliacha madaftari mawili ya tenzi alizoziandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu kama walivyofunzwa mabibi wa zama zake. Wanawe wakaniomba nizisahihishe, kisha zipigwe chapa kitabu kidogo cha kugawiwa watu siku ya arubaini yake. Nikazipeleka kwa kijana mmoja mwenye saiba karibu na Ndia Kuu, kijana hodari ambaye huziandika herufi zile kwa kompyuta kwa wepesi kunishinda mimi na kalamu yangu. Kwa muda wa wiki tatu kazi ikawa imekwisha, imebaki dibaji tu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa kompyuta ikamwuliza yule kijana kama ataka toleo jipya la programu ile ya kuandikia. Akakubali, akafunga duka, akaenda zake kulala. Ijumaa baada ya sala akaiandika dibaji yangu kwa herufi za Kirumi, asione kasoro yoyote. Jumamosi asubuhi nilipofika akanipokea kwa furaha: "Ami, nishatia toleo jipya! Sasa kazi ni moto moto." Kisha akaufungua ukurasa wa kwanza wa tenzi.

Lahaula! Msomaji ajua kwamba Kiarabu hakina sauti zetu za "pa" na "cha". Waandishi wa pwani waliongeza nukta, wakapata herufi zao. Sasa kila penye herufi hizo palikuwa na kisanduku kitupu, mfano wa pengo la jino. Irabu zimeruka, fatha imekwenda kukaa juu ya herufi ya jirani. Vipande vya ubeti, ambavyo vilikuwa vimepangwa kila kimoja mahali pake, vimemiminika pamoja kama mchele uliopasukiwa na gunia. Kurasa 64, na arubaini ni Alhamisi.

"Basi mwanangu, turudi kwenye lile toleo la kale," nikamwambia.

Akacheka kwa adabu. "Ami, mambo haya huenda mbele tu. Nani arudiye nyuma?" Yeye alikuwa tayari kukesha siku nne kuzitengeneza upya kurasa zote, kuliko kurudi hatua moja.

Wasomaji wapenzi, neno lile la "nani arudiye nyuma" ndilo lililonikaa moyoni. Ni nani aliyetufunza kwamba kurudi ni aibu? Nahodha akitoka bandarini akakuta upepo umebadilika, hurudi akatia nanga, wala hakuna mtu wa Mombasa amchekaye. Wazee wamesema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na chuoni tulikosoma, mwalimu hakutupa somo jipya mpaka tumefanya murajaa, yaani tumeyarejea masomo ya nyuma yakasikizwa. Aliyekataa kurejea ndiye aliyeaibika, kwani alipofika mbele alikuwa hana alichobeba.

Hata watengenezaji wenyewe hurudi. Tarehe 2 Oktoba 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows. Siku chache hazikupita, baadhi ya watu walilalamika kwamba nyaraka zao zimefutika. Kampuni ikalisimamisha toleo lile, ikalitengeneza, na ikalitoa tena tarehe 13 Novemba. Ikiwa kampuni kubwa kama hiyo yaweza kusema "tumekosea, ngojeni", kwa nini mwenye saiba wa Mji wa Kale aone haya?

Hata hivyo, nisije nikafahamika vibaya. Wako miongoni mwetu, hasa watu wa rika langu, ambao wakisikia maneno haya watapiga makofi na kusema, "Ndiyo, tusiguse kitu kipya kabisa!" La hasha. Nitawatajia Ijumaa mbili.

Ijumaa ya kwanza ni tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia katika kompyuta za nchi zaidi ya 150, kikazifunga nyaraka za watu na kudai fedha ili zifunguliwe. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Ilhali dawa ya ufa ule ilikuwa imetolewa tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuitia. Hao walilala juu ya cha kale.

Ijumaa ya pili ni tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma faili moja jipya lenye kasoro, saa moja na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaanguka, ndege zikakwama, kazi za benki na hospitali zikavurugika. Kampuni iligundua kosa na kuliondoa faili lile baada ya dakika 78 tu. Lakini kompyuta zilizokwisha kulimeza hazikuweza kuamka zenyewe, na nyingi zilihitaji fundi aende kwa kila moja, aifungue kwa njia ya dharura, na kulifuta faili kwa mkono. Hao nao walipewa kipya bila kuulizwa, na bila ya njia nyepesi ya kurejea.

Alhasili, Ijumaa ya kwanza yatufunza kwamba kukataa kipya ni hatari, na ya pili yatufunza kwamba kukipokea kipya bila ya kujua mlango wa kutokea ni hatari vile vile. Mwenye busara hukipokea, lakini huacha mlango wazi nyuma yake. Na kurudi kwenye toleo la kale si kuhamia huko daima. Ni kupumzika bandarini mpaka chombo kitengenezwe.

Je, sisi tulirudi vipi? Nilimsihi yule kijana, naye kwa heshima akakubali. Kwanza alinakili kila kitu kilichokuwamo, kizuri na kibaya. Kisha akatafuta katika saraka zake, akaipata flashi aliyokuwa ameweka ile programu ya kale alipoitia mara ya kwanza. Akaliondoa toleo jipya, akaukata mtandao ili lisije likajiingiza tena lenyewe, akalirudisha la kale. Mwisho hakulifungua faili lililoguswa na toleo jipya, bali nakala aliyoihifadhi Jumatano. Tukashusha pumzi. "Pa" na "cha" zimerudi, irabu zimekaa vitini mwao.

Lakini marejeo yana gharama yake. Ile dibaji iliyoandikwa Ijumaa, na kuhifadhiwa kwa umbo la toleo jipya, programu ya kale haikuweza kuisoma sawasawa. Tuliiandika tena kutoka katika karatasi yangu ya mkono. Lau karatasi ile ningaliitupa, dibaji ingalipotea. Kitabu kilitoka Jumatano usiku, na Alhamisi wana wa marehemu waligawa.

Basi mambo ni matatu. Nakala ya kazi yako, iliyowekwa mbali na kompyuta yenyewe. Programu ya kale, iliyohifadhiwa kabla ya kuhitajika. Na saa ya kufaa, kwani toleo jipya halitiwi katikati ya kazi yenye ahadi. Kwa upande wa watengenezaji, haki yetu ni kuulizwa kwanza, na kuachiwa njia ya kurudi. Jambo hili lawezekana. Wenye programu ya LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, wanayaweka matoleo yao ya kale mahali ambapo yeyote aweza kuyachukua. Na programu hiyo ni ya ukoo ule ule wa Jambo OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004.

Sisi wa Mvita tuna sababu yetu ya kuijua thamani ya nakala ya kale. Muyaka bin Haji, malenga wetu, alifariki yapata mwaka 1840. Lau si Mwalimu Sikujua wa hapa hapa Mombasa, aliyezikusanya na kuziandika tungo zile akishirikiana na Mzungu W. E. Taylor, nyingi zingalizikwa pamoja na waliozihifadhi kichwani. Diwani ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940 na William Hichens, na miswada yenyewe i London hadi leo. Anayetilia shaka neno lililochapwa aweza kuurejea mswada. Chapa ni toleo jipya; mswada ndio mlango wa kurudia.

Madaftari mawili ya marehemu bibi nimewarudishia wanawe, nikawausia wasiseme "kwa kuwa kitabu kipo, haya ya nini?" Na yule kijana amenunua flashi ya pili. Juzi aliniambia kwamba watengenezaji wamelitoa toleo jingine, ile kasoro imeondolewa, naye amelijaribu katika kompyuta moja kabla ya nyingine. Nikamwambia, "Hapo mwanangu umefuzu." Namwachia yeye, nanyi wasomaji, ubeti huu:

Kipya kikija pokea, wala usikikatae,
Cha kale kukitetea, si lazima ukivae,
Na njia ya kurejea, mapema uiandae,
Tufani ikitokea, bandarini ukakae.