Kapata: masomo ni ya bure, lakini mawe yanakula saa za mtoto

Kapata, karibu na muji wa Kolwezi, ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Gécamines. Wakati kampuni hiyo ilikuwa na nguvu, mfanyakazi alipata nyumba, matibabu na shule ya watoto wake. Miaka ya 1990 ikaanguka, mishahara ikakatika, na jamaa nyingi zikageukia mawe.

Mtoto wa Kapata akishindwa mtihani, watu wanasema haraka kwamba ni mvivu ao mwalimu hafai. Tuangalie kwanza saa zake. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 ilieleza watoto wenye kuokota, kuosha na kuchagua mawe ya kobalti katika eneo hilo la Kolwezi. Hata wale waliokuwa shuleni walifanya kazi hiyo mbele ya masomo na kisha masomo, na siku za mapumziko ilifika saa 10 mpaka 12. Malipo: faranga 1,000 ao 2,000 kwa siku. Mtoto aliyebeba gunia asubuhi atasoma nini saa nne?

Elimu ya msingi ya bure, iliyoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Ni hatua kubwa, na watoto wengi walirudi darasani. Lakini ilimuondolea muzazi karo tu. Haikurudisha zile faranga ambazo mtoto alikuwa analeta nyumbani jioni, na kwa mama asiye na mshahara, hizo ndizo bukari ya usiku. Kufika sekondari, muzazi analipa tena. Hapo ndipo mawe yanamuita mtoto upya.

Na pesa ziko. Tangu 2018 kobalti ni madini ya kimkakati: kampuni inalipa serikali asilimia 10 ya thamani ya kile inachouza. Kwa sheria ya madini ya mwaka huo, asilimia 25 ya malipo hayo ni ya jimbo, asilimia 15 ni ya muji ao eneo ambako madini yanatoka. Chakula cha saa sita shuleni kingebakiza mtoto darasani kuliko hotuba yoyote juu ya kazi ya watoto. Wabunge wa Lualaba wanapojadili bajeti ya jimbo, wazazi wa Kapata wana haki ya kuuliza ni kiasi gani kimeandikwa kwa ajili ya sahani hiyo.