Tuwapeleke watoto Jozani

Ndugu Waislamu, sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Baadhi ya wazazi wa Unguja huwapeleka watoto chuoni wakahifadhi sura, lakini hawajapata kuwaonyesha Jozani, msitu uliotangazwa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Hudhani hayo ni mambo ya watalii. Hilo ni kosa. Suratul Ghaashiya, ambayo watoto hao huisoma kwa ghibu, yatutaka tutazame ngamia, mbingu, milima na ardhi, tuzingatie vilivyoumbwa. Atazingatiaje asiyetazama?

Kima punju hawapatikani porini kokote duniani isipokuwa Zanzibar. Walio mashambani, pembezoni mwa hifadhi, hula majani ya mikungu na miembe yenye viini vinavyodhuru tumbo, kisha hula makaa ya kuni, ambayo huvinasa viini hivyo. Ni nani aliyewafundisha tiba hiyo? Na mikoko nayo, iliyosimama katika tope na maji ya chumvi, ni nani aliyeipa mizizi ya kuvutia hewa?

Basi twende, akina mama na mabinti wakiwemo, kwa mavazi ya stara. Sala ikiingia, tusali. Tusiwalishe wala kuwagusa wanyama, na taka zetu turudi nazo, kwani kuondosha udhia njiani ni katika imani. Matembezi ya namna hiyo si upuuzi. Ni darasa, na mwalimu wake wa kwanza ni mzazi.

Wabillahi tawfiq.