Chuo kwanza, mkopo baadaye: Hesabu inayowatesa wazazi Mbulu

Dongobesh. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anaweza kuchaguliwa vyuo viwili au vitatu kwa mpigo. Nyumbani ni shangwe, ila swali gumu linafuata: athibitishe kipi?

Ugumu uko kwenye mpangilio. Maombi ya mkopo yanatumwa mapema Bodi ya Mikopo (HESLB), lakini kiasi anachopangiwa kinajulikana akiwa ameshathibitisha chuo kimoja. Familia inachagua kwanza, pesa inaijua baadaye.

Kwa hiyo cha kulinganisha si ada peke yake, ni pengo litakalobaki mkopo ukitoka, au usipotoka kabisa.

Pengo linauza ng'ombe

Chukulia mfano: chuo cha kwanza ada ni Sh1.3 milioni kwa mwaka, cha pili Sh2.2 milioni. Mwanafunzi akipata mkopo wa ada wa Sh800,000 popote aendapo, mzazi ataongeza Sh500,000 kwenye chuo cha kwanza na Sh1.4 milioni kwenye cha pili.

Kwa miaka mitatu ni Sh1.5 milioni dhidi ya Sh4.2 milioni. Kwa mkulima wa vitunguu saumu asiye na mshahara wa kila mwezi, tofauti hiyo ndiyo inayomaliza zizi.

'Boom' haiangalii mji

Kiwango cha juu cha fedha za kujikimu ni Sh10,000 kwa siku, kutoka Sh8,500 ya awali. Kwa siku 60 ni Sh600,000. Kiwango hicho ni kilekile kwa anayepanga chumba Dar es Salaam na anayesoma Babati, ambako Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi.

Tena fedha hizo mara nyingi hazimkuti mwanafunzi getini. Nauli, godoro na chakula cha wiki za mwanzo ni juu ya mzazi.

Deni lipo

Mkopo si zawadi. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa: kwenye Sh700,000 ni Sh105,000 kila mwezi. Nafuu ni kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Isiyorudishwa ni Samia Skolashipu, wanayopewa waliofaulu kwa kiwango cha juu masomo ya sayansi.

Anayepangiwa pungufu anaweza kukata rufaa, ila rufaa inataka vielelezo: cheti cha kifo kilichohakikiwa na Rita kwa aliyefiwa na mzazi, au uthibitisho wa Tasaf kwa kaya inayonufaika. Karatasi hizo zinatafutwa kijana akiwa bado nyumbani. Akishafika chuoni, kila muhuri unaokosekana ni nauli nyingine ya kurudi Dongobesh.