Si Kila Mlio ni Shokapu

Mwandishi wa safu ya magari amewashauri wenye RAV4 na X-Trail: gari likigonga chini, badilisha shokapu zote nne. Ushauri huo unazikamua familia na kuiacha hatari palepale.

Shokapu iliyokufa hujulikana: huvuja mafuta, na gari huendelea kunesanesa baada ya tuta. Mlio wa ko-ko-ko kwenye vishimo, unaopungua magurudumu ya mbele yanapopanda tuta kwa pamoja, mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza, spea ya bei ndogo kuliko shokapu. Mlio ukisikika usukani ukizungushwa gari limesimama, kagua mauntini ya juu ya shokapu. Boljointi iliyolegea ndiyo ya kuogopwa: ikichomoka, gurudumu hulala na gari halishikiki.

Fundi alipige gari jeki, aliegemeze kwenye stendi, atikise gurudumu na kujaribu kila kiungo kwa mtaimbo. Zikihitajika bushi mpya za mpira, zikazwe gari likiwa limebeba uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, hujipinda na kuchanika mapema. Wenye magari, daini uchunguzi huo kabla ya kulipia spea yoyote.