Mkanda wa Kupamba Usitoke Nyumbani



Likizo iliyopita nilipanda Nakuru kumzuru wifi yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale aliyeolewa Bondeni. Nilimkuta na deki ya video mezani, nyaya zimemzonga kama mvuvi na jarife, runinga ikitoa chenga tupu. Pembeni palikuwa na mikanda miwili: mmoja wa kupamba kwake mwaka 1994, na mwingine wa mdogo wake mwaka 1997. Katika ule wa kwanza yumo mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Picha zake za kawaida tunazo, lakini sauti yake haipo popote ila humo.

Wanawe walimshauri aupeleke duka la picha mjini, unakiliwe uingie kwenye simu. Alikataa. Mnakujua kupamba kwetu: buibui huvuliwa mlangoni, nywele huachwa wazi, na mpiga picha huwa mwanamke.

“Wifi,” aliniambia, “wale walikaa mbele ya kamera wakiamini kwamba hawataonwa na mwanamume. Wengine wamo kaburini, siwezi hata kuwaomba ruhusa. Nimpe kijana wa dukani akae nao saa tatu?”

Sikuwa na jibu ila kukunja mikono ya gauni tukaanza kazi.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni la wengi. Alichukua waya wa antena ya paani akauchomeka moja kwa moja katika deki, kama tulivyofanya sote zamani, kisha akangoja picha. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa nchini mwaka 2015, deki haina inachokikamata hewani. Ukitaka kurekodi kipindi, antena iingie katika king'amuzi, king'amuzi kiingie katika deki, na deki katika runinga. Lakini kuutazama mkanda hakuhitaji antena hata kidogo. Tuliuondoa waya ule, na nusu ya fujo ikaondoka nao.

Zikabaki nyaya tatu: ya njano ni ya picha, nyeupe na nyekundu ni za sauti. Zitoke katika matundu ya kutolea ya deki, si ya kuingizia (tulikosea hapo mara mbili), ziende katika matundu ya rangi hizo hizo nyuma ya runinga, kisha kwa rimoti uchague AV. Runinga ya zamani isiyo na matundu hayo huunganishwa kwa waya wa antena kutoka deki, nawe ukatafuta stesheni karibu na chaneli ya 36 huku mkanda ukicheza. Ukiona picha nzuri isiyo na sauti, usiipige deki kofi. Huenda ililetwa kutoka Uingereza, ambako sauti hupita megahezi 6 kutoka kwenye picha, ilhali kwetu ni 5.5. Kwa zile nyaya tatu tatizo hilo halipo.

Kabla ya kuutia mkanda, tazama mgongo wake. Pana kijino cha plastiki. Kivunje, na deki itakataa kurekodi juu yake. Nyumbani kwangu hatukukivunja, na leo Kombe la Dunia la mwaka 1998 limelala juu ya akika ya mwanangu wa kwanza.

Wavulana tukawatoa wakacheze nje, pazia tukalishusha. Tuliupeleka mkanda hadi mwisho na kuurudisha mwanzo, maana uliokaa miaka mingi hugandana. Mistari ilipita juu ya picha, tukairekebisha. Ikaja sauti: “Keti huko, tumuone mwana!” Ndiye mama mwenyewe, akimfukuza mtu mbele ya kamera. Wifi alitaka kuisimamisha picha pale pale, nikamzuia. Mkanda uliosimamishwa husuguliwa na kichwa cha deki mahali pamoja, ukachakaa. Tunakili kwanza, kisha tulie.

Kunakili kunataka kifaa kidogo cha kuunganisha deki na kompyuta, na subira, kwa kuwa mkanda wa saa tatu huchukua saa tatu. Intaneti tuliizima. Nakala mbili zimo katika flashi mbili, moja kwake sandukuni, moja kwangu. Kwenye simu haikuingia. Na kazi hii haifai kuahirishwa: kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki hizi, iliacha mwezi wa Julai mwaka 2016, na zilizopo zinakufa moja moja. Anayeshuka na deki kutoka baridi ya Nakuru hadi joto la Mombasa aiache saa kadhaa kabla ya kuiwasha, umande ulioingia ndani ukauke.

Mkanda wa mwaka 1997 hatukuutia. Ulikaa Mombasa miaka yote, na kupitia kidirisha chake tuliona ukungu mweupe kwenye kingo. Ukungu huo huchafua kichwa cha deki, kisha ukahamia katika kila mkanda utakaofuata. Unahitaji kufunguliwa na kusafishwa kwa mkono, nasi tunatafuta mwanamke anayeijua kazi hiyo. Dada anayemfahamu mmoja, awe wa Pwani au wa bara, atuandikie kupitia jarida hili.