Anayetaka kura za Wapemba aanzie zahanatini

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, na wanaovitaka viti vya udiwani wamekwishaanza kuzunguka vijijini. Katika baadhi ya wadi za Kilifi na Kwale watakutana na wapigakura ambao watangulizi wao hawakuwa na haja nao, kwa kuwa hawakuwa na kura. Nawazungumzia Wapemba na Wamakonde, wavuvi na vibarua walioishi nasi kwa vizazi kadhaa huku sheria ikiwahesabu kuwa si wa hapa wala si wa kwingine.

Nimeisoma karatasi ya ahadi za mgombea mmoja wa wadi ya pwani. Sitamtaja jina, maana nia yangu si kumpigia debe wala kumharibia. Ameahidi mambo matano: vitambulisho kwa waliosalia, hatimiliki za ardhi, nyavu za bure, basari na gari la wagonjwa. Chini kabisa amewakumbusha wasomaji wake wasiwasahau "waliowapa uraia".

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikera. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kuja kukata mkonge na miwa, na wengi wao walifanya kazi huko Ramisi mpaka kiwanda cha sukari kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwezi Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na ni baada ya safari hiyo ndipo Serikali ilipokubali kuwasajili. Mwaka uliofuata wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walingoja hadi Julai 2023. Watu waliodai haki yao kwa nyayo zao hawana deni la shukrani kwa diwani yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa taaluma yangu hawezi kulipita kimya. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilimtaka mtu asiye na utaifa, aliyekuwamo nchini tangu tarehe 12 Desemba 1963, awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au lugha ya kienyeji ndipo astahiki kusajiliwa. Sasa mtazameni Mpemba. Kipemba ni lahaja ya Kiswahili, na jamaa yake wa karibu, Kivumba, husemwa Vanga na Wasini, ndani ya Kenya. Ikiwa kigezo ni lugha, wapo maofisa wengi waliowapiga msasa watu hawa ambao wao wenyewe wangefeli mtihani huo mbele ya mvuvi yeyote wa Mayungu. Hata neno dago, yaani kambi ya wavuvi wanaofuata samaki mbali na kwao kulingana na majira ya pepo, lilikuwa likitumika pande zote mbili kabla ya mpaka huu kuchorwa. Wapo waliokuja kwa dago wakaoa na kuzikana hapa. Wengine walikimbia baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wengine walishukia Shimoni baada ya mauaji ya Pemba ya Januari 2001.

Narudi kwenye karatasi yetu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi waziwazi. Uraia na uhamiaji ni vya Serikali ya kitaifa. Bunge la kaunti halina hata kalamu ya kutilia saini kitambulisho. Zahanati na vituo vya afya, elimu ya chekechea, masoko, na uvuvi ukiwa sehemu ya kilimo, ni vya kaunti. Mgombea huyu ametanguliza asichoweza na kuyaacha mengi anayoyaweza, na wala si peke yake katika hilo.

Ningekuwa mshauri wake ningemwambia aanzie zahanatini. Atashangaa, kwa sababu anaiona zahanati kuwa mahali pa dawa ya malaria. Lakini hebu tuufuate mnyororo. Mtoto akizaliwa katika kituo cha afya, kituo hicho ndicho kinachotoa taarifa ya kuzaliwa kwake, na taarifa hiyo ndiyo inayozaa cheti. Cheti kitatakiwa shuleni, kisha kitatakiwa atakapofikisha miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho. Mtoto akizaliwa nyumbani, taarifa hiyo inamtegemea naibu wa chifu; na mama ambaye maisha yake yote ameiogopa ofisi ya chifu, kwa kuwa hapo ndipo alipoulizwa karatasi asizokuwa nazo, hatakimbilia kwenda kubisha hodi. Basi zahanati inayofungwa jioni, isiyo na mkunga usiku wala taa, inazalisha upya watu wasio na karatasi, hata kama wazazi wao walisajiliwa kwa shangwe. Kuajiri mkunga na kuweka taa ni kazi ya kaunti. Diwani hana mamlaka juu ya uraia, lakini mlango wake anaweza kuulinda, na mlango wenyewe umo katika bajeti anayoipitisha kila mwaka.

Jambo la pili ni diko. Kwa miaka mingi mvuvi asiye na kitambulisho hakuweza kupata leseni wala kuandikisha chombo kwa jina lake. Alivua kwa jina la mwingine, na mwenye jina akachukua fungu lake kwanza. Sasa kitambulisho kipo, lakini tajiri aliyempa nyavu na injini kwa mkopo angali pale ufuoni akimngoja na mizani yake. Samaki hawangoji. Pasipo barafu mvuvi atauza kwa bei atakayotajiwa, na nyavu za bure hazitaibadilisha bei hiyo; zitaongeza tu samaki wa kumpelekea tajiri yuleyule. Tena mgombea aangalie ni nyavu gani anazoziahidi, maana juya la kukokota na nyavu za nailoni za uzi mmoja zilipigwa marufuku tangu 2001. Mtambo wa barafu na chumba baridi, vikiwa mikononi mwa kikundi cha wavuvi wenyewe, vina faida kuliko marobota ya nyavu yanayogawiwa siku ya mkutano wa hadhara.

Kuhusu hatimiliki sitasema mengi. Ardhi ya mashamba yale ya zamani ni fundo ambalo diwani hawezi kulifungua peke yake, na amwambie Mmakonde hivyo uso kwa uso. Basari nazo ni njema, ila mtoto wa chekechea aliyeketi chini ya mwembe hazimhusu.

Ya vitambulisho kwa waliosalia nimeyaacha nyuma makusudi. Wapo ambao hawakuandikwa siku za usajili: waliokuwa baharini, wajane wasio na mtu wa kuwashuhudia, vijana ambao majina yao yaliandikwa namna moja shuleni na namna nyingine kwa chifu. Mgombea hawezi kuwapa kadi. Anaweza kukaa na wazee wa kila kijiji, akaandika orodha ya majina, akaipeleka yeye mwenyewe katika ofisi ya usajili na kurudi kila mwezi kuuliza imefikia wapi. Ni kazi ya kuchosha na haina picha nzuri ya gazetini. Isitoshe, asiye na kitambulisho hawezi kuandikishwa kupiga kura, kwa hiyo hakuna atakayemlipa mgombea huyo kwa taabu yake mwezi Agosti. Ndiyo maana nitapenda kujua ni nani kati yao atakayeianza orodha hiyo sasa, kabla ya kampeni.