Madeni ya biashara: juu ya nini tunakimbilia kashoti, na wakati unakula deni?

Tuchukue mufano moja wenye kila mufanyabiashara wa huku kwetu anaujua. Mama anauza vitenge kwa jumla. Anamukopesha mwenzake wa muji mwingine mali ya dola 4.000, wanapatana kulipa kisha miezi mitatu. Miezi sita inapita. Simu haishikwi tena. Mama afanye nini?

Wengi watajibu bila kufikiri: aende kwa OPJ. Yule mwenye deni akamatwe, alale kashoti, familia yake itatafuta makuta.

Hapo ndipo hasara ya pili inaanza. Familia inaleta dola mia kadhaa. Sehemu inabaki kwenye biro kama amande, na risiti wakati mwingine haionekani. Mwenye deni anaachiliwa, lakini duka lake lilifungwa siku zile zote na wateja wamehama. Mama anarudi nyumbani na kidogo, pengine mikono mitupu. Deni liko pale pale, na sasa mwenye kulilipa amekuwa masikini zaidi ama amekimbilia ng'ambo ya mupaka.

Sheria yenyewe haitaki njia hii. Inchi yetu iliingia tangu mwaka 1976 katika mapatano ya kimataifa ya haki za raia na za siasa. Mapatano hayo yanakataza kufunga mutu juu ya sababu moja tu, ni kusema kushindwa kutimiza mukataba. Kutoa sheki bila pesa ku banki, ao kuchukua mali ya mutu kwa udanganyifu, ni kosa la jinai, na parquet inaweza kulifuata. Lakini kuchelewa kulipa deni la duka, hata kama kunaumiza, si wizi.

Basi deni la duka linaenda wapi? Sheria ya tarehe 3 Julai 2001 ilianzisha tribinali za biashara, zile watu wanaita Tribucom. Kesi inasikilizwa na mahakimu watatu: moja ni hakimu wa kazi, ndiye anaongoza, na wawili wanatoka kati ya wafanyabiashara wenyewe. Wazo lake ni rahisi. Mutu aliyekwisha kukopesha na kukopeshwa anajua bon de livraison ni nini, anajua pia uongo wa mwenzake unafananaje. Goma na Bukavu zilipata tribinali hiyo. Mahali ambapo haijafunguliwa, tribunal de grande instance ndiyo inashika kesi za biashara.

Tangu tarehe 12 Septemba 2012, sheria za OHADA nazo zinatumika hapa. Ni sheria moja ya biashara kwa inchi 17 za Afrika. Kesi inayozihusu ikishapita Cour d'appel, neno la mwisho linatoka kwenye korti ya pamoja, kule Abidjan.

Sheria hizo zina mambo mawili yenye faida kubwa kwa muuza duka, na wengi hawayajui.

La kwanza ni ushuhuda. Kati ya wafanyabiashara, deni linaweza kuonyeshwa kwa njia yoyote, hata ya simu. Ujumbe wa WhatsApp wenye kusema « dada, univumilie, nitakulipa mwezi ujao » una uzito mbele ya hakimu. Vilevile ujumbe wa kutuma pesa kwa simu, ao daftari la duka lenye kushikwa vizuri.

La pili ni amri ya kulipa, kwa Kifaransa injonction de payer. Kama deni linajulikana kiasi chake, limefika siku ya kulipwa, na limetoka katika mukataba, unapeleka ombi na karatasi zako kwenye tribinali ya mahali mwenye deni anaishi. Hakimu anazipima bila kumwita kwanza. Akikubali, anatoa amri, na huissier anaifikisha kwa mwenye deni. Sheria hii ilitengenezwa upya na kupitishwa Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023, ikaanza kutumika tarehe 16 Februari 2024. Sasa mwenye deni ana siku 10 za kupinga. Akinyamaza, unaweza kuomba mali yake ikamatwe ili ulipwe.

Kama njia ni nzuri hivi, juu ya nini tunaiacha?

Tusiwalaumu watu bure. Kashoti iko karibu, tribinali iko mbali. Inaomba kulipa ili kesi iandikwe, kulipa avoka, kulipa huissier. Na ukishinda, unadaiwa tena: kabla ya kupewa karatasi ya hukumu yenye kukuwezesha kukamata mali, unalipa droits proportionnels, ni kusema asilimia ya pesa ambazo hukumu imekupa, nawe hujazishika bado! Kuna pia jambo la RCCM. Mufanyabiashara asiyejiandikisha hawezi kujitetea na haki za mufanyabiashara, lakini akidaiwa anabeba muzigo wote sawa na wengine. Wauzaji wengi wa soko zetu wako katika hali hiyo.

Halafu vita. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Banki zilifungwa, tribinali za serikali zikasimama, mahakimu na maavoka wengi wakaondoka. Mwenye kupeleka deni lake mbele ya watu wenye kushika muji leo, inaomba ajiulize: karatasi watakayonipa, hakimu wa Kinshasa, wa Kisangani ao wa Abidjan ataitambua?

Wakati tunangojea, saa inatembea. Hili ndilo jambo tunaomba kila musomaji alikamate. Katika sheria ya OHADA, deni la biashara linazeeka kisha miaka 5. Lakini kwa mauzo ya mali kati ya wafanyabiashara, ni miaka 2 tu. Mali uliyokopesha kabla ya vita inaweza kuwa karibu kufika mwisho wa muda wake, ao imekwisha kuufika. Sheria inasema muda unasimama kwa yule ambaye nguvu kubwa kuliko yeye imemuzuia kushitaki. Vita vinaweza kuhesabiwa hivyo, ila hakimu ndiye atapima, na wewe ndiye utaonyesha ulizuiwa namna gani na kwa siku ngapi.

Kuna dawa isiyoomba tribinali iwe wazi. Mwenye deni akikubali deni kwa maandishi, muda uliopita unafutika na hesabu inaanza upya. Karatasi moja inatosha: majina, kiasi, deni limetoka wapi, atalipa lini, tarehe, sahihi za wote wawili. Ongeza mashahidi kama wapo. Kama yuko mbali, mwombe akuandikie kwa simu, na uchunge ujumbe ule mahali pawili. Mukipatana kulipa kidogo kidogo mbele ya mupatanishi, muandike pia. OHADA ina sheria ya upatanishi tangu 2017, na mapatano kama hayo yanaweza kupelekwa baadaye kwa hakimu ili apige muhuri.

Mwenye deni naye anapata faida. Pengine depo yake iliporwa, pengine lori lake lilikwama njiani. Akisaini karatasi, anapata nafasi ya kupumua na kuuza. Akilala kashoti, hauzi kitu.

Turudi kwa mama wa vitenge. Dola zake 4.000 hazitarudi kwa sababu mutu amelala chini usiku mbili. Zina nafasi ya kurudi kama leo hii anamupigia yule mwenzake, bila matusi, na kumwambia: « Najua ni vigumu. Tuandike. »